Jinsi ya kupanga mpango wa mwaka wa zahanati bila kukopi wa mwaka jana

Mganga mfawidhi mpya, sikia, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 kwa hiyo ukisubiri Mei ndo uanze kuandika ushachelewa, anza mapema kabisa na usianzie kwenye kompyuta, anzia kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia taarifa za huduma za afya kituoni. Chukua kile cha wagonjwa wa nje, hesabu mwezi kwa mwezi malaria wangapi, kuhara wangapi, halafu weka pembeni leja ya dawa uone ALu, ile dawa ya malaria, iliisha lini. Sisi tulikuta inaisha kila masika, kila mwaka, na kila mwaka tunaagiza kiasi kilekile, yaani aibu!

Ukishaona matatizo chagua matatu tu, usiandike kumi na tano. Kila moja liwe na mtu wake, tarehe na hela inatoka wapi (bima, papo kwa papo yaani mgonjwa anayelipa mwenyewe, au fungu la serikali). Kamati ya kituo iite mapema, sio siku ya kusaini, maana wale wanakijiji ndo wanajua kwa nini mama anajifungulia nyumbani. Kuingiza kwenye PlanRep, ule mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, ni kazi ya siku chache tu. Kila robo mwaka fungua tena mpango, kilichokwama hamishia hela kwingine kwa kibali.