Paka anahema haraka: namna ya kutafuta na kutibu uvimbe wa moyo

Uvimbe wa moyo, yaani saratani, kwa paka ni nadra. Anayehema haraka mara nyingi misuli ya moyo imenenepa, na hata maji kwenye mfuko wa moyo kwa kawaida huletwa na moyo kushindwa kazi. Basi usianze na saratani, anza na kuhesabu pumzi.

Mhesabie akiwa usingizini: kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Zikizidi 30 kwa dakika, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Akihema mdomo wazi, au fizi zikipauka, ondoka sasa hivi. Mtie kwenye boksi lenye matundu, chini utandike kanga. Ukimpakata kwenye bodaboda atapapatika na kumaliza pumzi kidogo aliyobaki nayo. Panado usimpe hata chembe, inaua paka.

Ukiwa Moshi, piga simu kwanza uulize kama kuna oksijeni na ultrasaundi. Paka wa namna hii asisafirishwe kilomita 80 hadi Arusha kabla hajapunguziwa maji ya kifuani karibu na nyumbani.

Wengine hufia mezani kwa sababu ya kulazwa chali wapigwe eksirei. Oksijeni itangulie, paka akae kifudifudi. Maji ya kifuani hutolewa na daktari kwa sindano ya kipepeo (yenye mabawa na mpira) namba 21 au 23, kati ya ubavu wa 7 na wa 8, ikipita ukingo wa mbele wa ubavu. Mishipa ya damu imejibanza ukingo wa nyuma. Ya mfuko wa moyo yatolewe kwa kuongozwa na ultrasaundi. Moyo uliobanwa na maji usipewe frusemaidi (dawa ya kukojoza maji) kwanza, utakosa damu ya kusukuma.

Maji hayo yasimwagwe! Yatiwe kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau (ina dawa ya kuzuia kuganda), na tone litandazwe kwenye kioo. Uvimbe unaoongoza ni limfoma (saratani ya seli nyeupe za damu), na mara nyingi seli zake huonekana humo kwa hadubini. Prednisoloni (dawa ya steroidi) ikitangulia, huweza kuzifuta.

Limfoma hutibiwa kwa dawa za saratani, vinkristini na saiklofosfamaidi, pamoja na prednisoloni. Seli nyeupe za damu zipimwe kabla ya kila dozi, na vinkristini isivuje nje ya mshipa, huunguza nyama. Nyumbani, safisha kinyesi na mkojo wake ukiwa na glavu, kwa kuwa dawa hutokea humo. Dawa hurefusha maisha, mara chache huponya. Uvimbe wa aina nyingine kwa kawaida haukatiki; hapo maji hutolewa kila yanapojaa, hadi siku atakapokataa chakula na usingizi.