Betri ya rimoti ikiisha, gari la kitufe bado linawaka

Betri ya rimoti ikifa, mlango haufunguki na dashibodi inadai ufunguo haupo. Usikimbilie fundi. Kwenye Toyota nyingi, sukuma kifungio kidogo cha rimoti, chomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani, fungua mlango wa dereva. Alamu ikilia, isikutishe. Gia ikiwa P, kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, subiri mlio, kisha bonyeza papo hapo. Chipu iliyo ndani husomeka bila betri ikiwa karibu hivyo.

Betri mpya mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, lakini soma namba ya ile ya zamani: CR1632 ina kipenyo cha milimita 16, si 20, haitakaa. Taa za dashibodi zisipowaka kabisa, kagua betri ya gari.

Ubaya mkubwa zaidi wa rimoti hizi ni wizi: vifaa viwili hupokezana mawimbi ya rimoti iliyo sebuleni hadi gari lililo nje. Usiku iweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko, kisha lijaribu ukiwa umelishika mlangoni mwa gari, rimoti ikiwa ndani. Gari likifunguka, kopo halifai.