Jinsi ya kuomba ripoti ya Kanuni ya 35 ukiwa kizuizini Uingereza

Ukishikiliwa na uhamiaji Uingereza, kwenye kituo kama Brook House au Harmondsworth, nawe unaumwa akili au uliwahi kuteswa, una haki ya kuomba daktari wa kituo aandike ripoti kwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Msingi wake ni Kanuni ya 35 ya Kanuni za Vituo vya Kizuizini (Detention Centre Rules) za mwaka 2001, na wengi hawaijui.

Anza siku ya kuingia. Kanuni ya 34 inataka daktari akupime mwili na akili ndani ya saa 24. Wengi hufika usiku, wamechoka. Wakiulizwa hali hujibu "nzuri" kama tulivyozoea, na ndivyo inavyoandikwa kwenye faili. Sema ukweli tangu hapo.

Kisha omba miadi ya Kanuni ya 35 kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala. Omba mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Usikubali kutafsiriwa na mwenzako wa chumbani, kwa sababu yapo mambo hutayasema mbele yake.

Kwa daktari, eleza yaliyokupata, halafu eleza ya sasa: usingizi, majinamizi, chakula, mlango unapofungwa usiku unajisikiaje. Huhitaji kuthibitisha mateso. Wasiwasi wa daktari kwamba huenda uliteswa unatosha. Mwombe aandike pia kama kuendelea kushikiliwa kunakudhuru. Msisitizie hilo, maana ripoti inayotaja makovu peke yake haina uzito sawa.

Ukiwa na mawazo ya kujiua, usingoje miadi. Mwambie ofisa yeyote saa hiyo hiyo. Ndugu walio nje nao wapige simu kituoni. Kuwekwa chini ya uangalizi hakutoshi: dai ripoti ya 35(2), yaani ya mtu anayeshukiwa kutaka kujiua, ambayo ripoti ya uchunguzi wa Brook House ya 2023 ilionyesha kuwa haikuwa ikiandikwa inavyopaswa.

Ripoti ikishatumwa, Wizara lazima ipitie upya uamuzi wa kukushikilia. Haimaanishi utatoka. Kwa hiyo jiandikishe kumwona wakili wa zamu, dakika 30 bure, umpe nakala ya ripoti, na pamoja muombe dhamana mahakamani kwa fomu B1 mkiambatisha ripoti hiyo.

Daktari akikataa kuandika, peleka malalamiko kwa maandishi, na uwasiliane na Medical Justice, shirika linalotuma madaktari wa kujitegemea vituoni.