Kufungua studio ya nyumbani kwa wageni: mwongozo kwa wachoraji

Rafiki yangu mchoraji alitaka kuwakaribisha watu nyumbani kwake waone kazi zake, nikaenda kumsaidia kupanga. Tuliyoyafanya nimeyaandika hapa kwa faida ya wengine wenye nia hiyo. Mimi huchora kwa rangi za mafuta, kwa hiyo mengi yameelemea huko.

1. Amua mgeni ataishia wapi

Mlango wa kuingilia, studio, choo. Kwingine kote funga kwa ufunguo.

Studio usiigeuze kuwa duka la picha. Meza ya rangi iache ilivyo, daftari la michoro ya penseli liache wazi, na kwenye stendi weka kazi moja ambayo bado haijaisha. Picha zilizokamilika mtu ataziona popote. Kazi iliyo nusu ndiyo humfanya asogee na kuuliza kwa nini umeanza na kahawia chini ya bluu, na hapo mazungumzo yameshaanza.

2. Ondoa vya hatari

Tapentaini ifunikwe na itoke chumbani tangu jana yake, madirisha yawe wazi. Rangi za unga, hasa zenye risasi au kadimiamu, zifungiwe kabatini.

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani nayaomba myachukulie kwa uzito wote. Mafuta hayo hukauka kwa kushika oksijeni ya hewani, na kazi hiyo hutoa joto. Tambara likikunjwa au yakirundikwa, joto hukosa pa kutokea na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko, au yaanike nje moja moja, yakiwa yametandazwa.

3. Tundika picha

Hapa ndipo saa zinapopotelea, kwa hiyo twende taratibu.

Mimi situndiki kwa waya uliovutwa nyuma ya fremu. Waya hulegea, na kila anayepita akigusa kona picha inapinda. Tumia pete mbili za chuma, moja kila upande wa fremu, na skrubu mbili ukutani. Zikikaa sawa, picha haitikisiki siku nzima.

Kwanza pima kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi sehemu ya ndani ya pete itakayokalia skrubu, huku umeivuta pete juu kama vile picha imeshaning'inia. Fanya hivyo pande zote mbili. Zikipishana hata milimita 2, hamisha pete moja sasa hivi. Ukiliacha hilo ukidhani utalifidia ukutani, kumbuka kwamba fremu ukiigeuza kulia huwa kushoto, na utafidia upande usio wake.

Kisha tafuta urefu wa skrubu kutoka sakafuni. Mimi huweka katikati ya picha kwenye sentimita 150. Wengi hucheza kati ya 145 na 155. Chukua 150, jumlisha nusu ya urefu wa picha, toa ule umbali wa pete. Picha ya sentimita 80 ambayo pete zake ziko 12 chini ya ukingo: 150 + 40 − 12 = 178. Picha za ukubwa tofauti zipange kwa kulinganisha katikati zake, wala si vichwa vyake.

Sasa bandika tepu ya karatasi nyuma ya fremu, kutoka pete hadi pete, uweke alama ya penseli pale skrubu itakapokaa kila upande. Ibandue, ibandike ukutani kwenye ule urefu, weka pima maji juu ya alama mbili, toboa juu ya tepu yenyewe. Huna haja ya kupima tena umbali kati ya matundu, na tepu hupunguza plasta kumeguka.

Tahadhari: usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, kwani nyaya kwa kawaida hupita wima hapo. Ukuta wa tofali unataka plagi za plastiki, zile zinazoingizwa tunduni kushika skrubu. Wa jipsamu unataka plagi zake maalumu, na picha nzito iende kwenye mbao iliyo nyuma ya jipsamu. Sakafu ya nyumba ya zamani huenda imeinama, basi pima kutoka sakafuni mara moja tu, halafu mstari wote ufuate pima maji. Nyumba ikiwa ya kupanga, mwulize mwenye nyumba kabla ya drili.

4. Mwanga

Balbu za LED za rangi moja chumba kizima, zenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa uhalisi wake) ya 90 au zaidi. Imeandikwa kwenye boksi. Taa ielekee picha kwa nyuzi kama 30 kutoka wima ili kioo kisimrudishie mtazamaji uso wake. Kazi za rangi za maji zisipigwe na jua.

5. Bei

Iandike. Kila kazi iwe na kibandiko: jina, rangi uliyotumia, urefu kisha upana, mwaka, bei. Wageni wengi huona haya kuuliza, wakaondoka kimya na picha waliyoipenda imebaki ukutani.

6. Siku yenyewe

Tangaza saa ya kuanza na ya kufunga. Awepo mtu wa kupokea wageni na kushika pesa, ili wewe uzungumze.

Ukiuza picha ya mafuta ambayo bado mbichi, mweleze mnunuzi kwamba vanishi ya mwisho husubiri miezi 6 hadi 12, kulingana na unene wa rangi, na mkubaliane nani ataipaka. Kwenye risiti andika pia kwamba haki ya kunakili inabaki kwako. Katika nchi nyingi ndivyo sheria inavyosema, lakini mnunuzi anayetaka kuichapa picha hiyo kwenye kalenda anapaswa kulisoma hilo kabla hajalipa.