Usiku Mmoja Unaoshusha Bei ya Kahawa ya Kalinzi

Ukitaka kujua bei atakayoipata mkulima, usisubiri mnada. Mwendee jioni ya siku aliyochuma, uzamishe mkono kwenye kiroba chake cha kahawa mbivu mpaka kiwiko. Ukikuta joto humo ndani, na harufu imeanza kufanana na ya pombe ya ndizi, ujue bei imeshashuka kabla kahawa haijaiona mashine ya kumenyea.

Nimezunguka mashamba ya Kalinzi, Matyazo na upande wa Buhigwe, huku kwetu Kigoma, misimu kadhaa, na kahawa mbaya niliyoikuta mara nyingi ilitoka kwenye miti mizuri. Udongo tunao, mwinuko tunao, na baridi ya usiku tunayo. Tunapopungukiwa ni zile saa chache kati ya mti na mashine.

Wakulima wa chai kule Mufindi na Rungwe wanalijua hili vizuri. Wanachuma majani mawili na chipukizi lake, hawayashindilii kapuni, na yanafika kiwandani siku hiyohiyo, maana jani lililobanwa hupata joto na kubadilika rangi kabla ya wakati wake. Tunda la kahawa nalo ni hivyohivyo, ila lenyewe lina hila: nje linabaki jekundu na kupendeza huku ule ulenda wa ndani umeanza kuchacha.

Basi chuma nyekundu tupu, urudie mti kila baada ya siku 10 hadi 14. Najua kwa nini watu wanakamua tawi zima. Ada ya shule inadaiwa, au mlanguzi ameshainunua kahawa ikiwa bado mtini na anataka chake. Lakini tunda la kijani halitelezi kwenye mashine, punje yake inakatwa, na kikombeni linaacha ukakasi. Mwaga mavuno kwenye turubai, chambua, kisha yatie kwenye maji. Zinazoelea ziopoe, uzianike kando na kuziuza kama buni, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake bila kumenywa. Usizione huruma.

Kati ya hizo zinazoelea kuna zilizotobolewa na kunguni wa kahawa, na huyu nataka tumwangalie kwa karibu. Ni mdudu mwenye umbo la ngao, ana mabaka meusi, meupe na ya rangi ya chungwa. Majirani zetu wa Burundi na Rwanda wanapambana na kahawa yenye ladha ya kiazi, yaani kikombe kinanuka kama kiazi mbatata kibichi kilichotoka kumenywa, na kunguni huyu anahusishwa nayo kwa sababu tundu analolitoboa linafungua njia kwa bakteria. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima, na mara nyingine kwa macho huitambui. Sisi tunapakana na Burundi, na mdudu haombi kibali mpakani. Anapenda mti ulioshonana, kwa hiyo pogoa, ondoa maotea, yaani machipukizi yasiyotakiwa, mwanga uingie katikati. Asubuhi tandika kitambaa cheupe chini ya mti, utikise matawi, uhesabu wanaodondoka. Kabla ya kununua dawa, muone afisa ugani wako au nenda kituo cha TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, pale Mwayaya. Huko huko uliza na miche inayohimili magonjwa ya chulebuni, unaooza matunda, na kutu ya majani.

Kumenya ni siku ileile ya kuchuma, hata ikibidi kuwasha taa. Kama chama chenu cha msingi cha ushirika kina mtambo wa pamoja, peleka huko. Kwa wenye mashine za mkono nina kisa kimoja. Mama mmoja alikuwa anachuma vizuri na kuchambua vizuri, lakini kahawa yake ilinuka uvundo na hakuna aliyejua kwa nini. Tulifungua mashine. Nyuma ya bamba zilikuwa zimenasa punje kama kumi za juzi, nyeusi, zinanuka kama yai viza. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nilikuwa nayalaumu maji ya mto." Tangu siku hiyo natembea na mswaki mkuukuu mfukoni. Mashine ioshwe kila jioni, punje zote zitoke.

Kuvundika, yaani kuiacha kahawa iliyomenywa ichachuke mpaka ulenda uachie, huchukua kama saa 12 hadi 36, kutegemea baridi, kwa hiyo usitegemee saa ya ukutani. Chomeka kijiti kwenye kahawa iliyo tangini: ukikichomoa na tundu likabaki wazi, imekuwa tayari. Ukiisugua kiganjani inakwaruza kama changarawe. Osha kwa maji safi, na maji machafu uyamwage shimoni. Vijito vyetu vinashuka mpaka Ziwa Tanganyika, na kuna wanaoyanywa maji hayo huko chini.

Anika kwenye kichanja, tabaka jembamba, geuza mara kwa mara. Siku za mwanzo ifunike jua la mchana likiwa kali, vinginevyo ganda linapasuka. Usiku ifunike tena. Lenga unyevu wa asilimia 11 hadi 12, na kipimo kifanyike mbele yako. Kisha inakuja stoo. Kahawa inavuta harufu ya chochote kilicho jirani, na nyumba zetu za Kigoma hazikosi dagaa wala dumu la mawese. Weka magunia juu ya mbao, mbali na hivyo viwili, na usitumie kamwe mfuko uliokuwa na mbolea.

Nikiyasema haya mkutanoni, huwa ananyanyuka mtu na kuuliza: nihangaike hivyo halafu kahawa yangu ichanganywe na ya yule aliyeanika chini? Swali ni la haki. Nimeshuhudia chama kimoja kikimwaga kahawa zote kwenye rundo moja, mzembe na mwangalifu wakalipwa sawa, na msimu uliofuata mwangalifu naye akaanika chini. Dawa yake iko mikononi mwa wanachama. Dai kahawa ipokelewe kwa madaraja, kila daraja na rundo lake na daftari lake, na stakabadhi yako ioneshe daraja pamoja na kilo. Dai hilo liingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano kabla msimu haujafunguliwa, maana foleni ikishafika mizani hakuna atakayekusikiliza.