Andika "hapana" yako kabla simu haijaita

Kwa mzazi mwenye mtoto mtu mzima aliyetopea kwenye ulevi au madeni: andika mapema jibu utakalompa akiomba pesa, ukiwa umetulia, ulibandike pale unapochajia simu. Langu ni hili: "Nakupenda. Pesa sitoi. Ukitaka kwenda kutibiwa, nitakusindikiza." Akipiga usiku analia, soma kama lilivyo, usiongeze neno, ukianza kujieleza tu, umeshaingia kwenye mabishano. Linasaidia kwa sababu uamuzi ulishapita kabla machozi hayajaanza. Kujilaumu kutakuja tu (mimi mikono hunitetemeka), ila hupungua. Halifui dafu kama mwenzako anamtumia pesa kwa siri. Na akitaja kujiua, karatasi weka kando, tafuta msaada papo hapo.