Dawa ya homa ya mtoto: soma chupa kabla hujashika kijiko

Jioni moja mama alinijia kwenye duka la dawa hapa Kongowea, Mombasa, na kichupa kitupu. "Nipe nyingine kama hii, imeisha." Ilikuwa paracetamol ya matone, ml 15, aliyonunua asubuhi kwengine. Asubuhi hiyo hiyo! Nikamuuliza amempimiaje. Kijiko cha chai, akasema, kama ile siropu ya siku zote: yeye asubuhi, nyanya mtu adhuhuri, yaya alasiri. Mtoto mwenyewe, kilo 10, alikuwa begani akivuta ushungi wa mamake na kucheka.

Vijiko vile vitatu ndivyo somo letu. Matone yale yalikuwa na mg 100 katika kila ml 1. Siropu aliyoizoea ina mg 120 katika ml 5. Basi kijiko kimoja cha matone ni mg 500, sawasawa na tembe moja ya Panadol ya mtu mzima. Vitatu ni mg 1,500, yaani 150 kwa kila kilo ya mtoto, na hapo ndipo madaktari huanza kuliogopea ini.

1. Jua kilo zake. Dozi hufuata uzani, haifuati ukali wa joto. Ni mg 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mara moja. Kilo 10, basi, ni mg 100 hadi 150. Kitabu cha kliniki kina uzani, ila angalia ni wa mwezi gani. Mtoto wa chini ya miezi 3 akipata joto, usimpimie dawa mwenyewe, mpeleke akaonwe.

2. Soma nguvu ya dawa. Tafuta "mg" na "ml" kwenye karatasi ya chupa. Kuna 120 kwa ml 5, kuna 250 kwa ml 5, kuna matone. Picha mbele ni ile ile ya mtoto anayecheka, isikudanganye. Soma na siropu ya mafua pia: nyingi zina paracetamol ndani, na ukizitoa pamoja umempa mara mbili. Dawa ya kuweka nyuma nayo huhesabiwa.

3. Pima kwa sirinji isiyo na sindano. Kijiko cha mezani hubeba kama ml 15, mara tatu ya cha chai, na gizani usiku vyote ni kijiko tu.

4. Andika saa. Nyumba zetu mtoto ana mikono mingi, na kila mkono una huruma. Bandika plasta kwenye chupa. Anayetoa dawa aandike saa na kiasi. Masaa 4 yapite angalau kati ya dozi na dozi, na zisizidi 4 kwa siku na usiku wake.

5. Dozi ikizidi, ondoka uende hospitali. Usingoje dalili. Siku ya kwanza mtoto huenda akatapika kidogo, au asiwe na lolote. Tumbo kuuma chini ya mbavu za kulia huja siku ya pili, macho ya manjano ya tatu au ya nne, na wakati huo ini limeshaumia. Hospitali kuna dawa ya kulikinga, asetilisisteini, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya masaa 8. Beba chupa, hata tupu.

Maswali mliyoniuliza

*Mama wa mapacha, Likoni: Mmoja amekula tembe za paracetamol za nyanya yake, sijui ngapi. Anacheza vizuri. Nimtapishe kwa maji ya chumvi?*
Hapana, dada. Chumvi yenyewe yaweza kumdhuru. Wala maziwa hayaiondoi paracetamol. Hesabu tembe zilizobaki ukiwa njiani, na usivuke feri kwa ajili ya hospitali kuu ya Makadara ikiwa iko hospitali upande wako. Anza na iliyo karibu.

*Baba, Bamburi: Akitapika dawa nimrudishie?*
Kama haijapita nusu saa, mrudishie dozi ile ile mara moja. Imepita? Ngoja zamu inayofuata. Akiwa hashikishi kitu tumboni, hilo ni la daktari.

*Shangazi, Majengo: Joto halishuki. Naweza kuongeza ibuprofen?*
Ibuprofen si paracetamol, ina dozi yake, na zipo siropu zilizochanganya zote mbili, kwa hiyo rudi hatua ya 2. Tena sisi wa pwani tuna malaria na tuna denge, homa nyingine ya mbu. Homa ambayo haijapimwa, ibuprofen iache: kwa denge huzidisha hatari ya kutoka damu. Aspirini ndiyo kabisa, mtoto hapewi bila daktari. Mpeleke akapimwe damu.

*Mama, Kisauni: Yule mtoto wa kichupa aliishia wapi?*
Mamake alinibishia kwanza: "Mtoto anacheza, wanitisha bure." Nikamwandikia karatasini saa za vile vijiko vitatu na zile mg 1,500, nikamwitia tuktuk. Damu ilipimwa, dripu ikawekwa usiku ule ule, wakarudi nyumbani wazima. Huja dukani bado. Siku hizi hunitajia kilo kabla hajanisalimu.